Maneno ya Mlangoni

Wachezaji wadogo wa kiwanja cha Bunia, mliniandikia barua mkaniomba vitu viwili. Cha kwanza, niwaandikie miaka yangu ya kazi, maana sasa nimeweka raketi chini. Cha pili, mnataka jina langu liandikwe kwenye mlango wa kiwanja, juu ya yale maneno ya onyo ambayo kila mmoja wenu anayajua kwa kichwa. Barua yenu niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikavuta kiti nikakaa. Ombi la kwanza nalitimiza hapa. La pili nimekwisha kulitimiza kwa mkono wangu mwenyewe, na mkifika mwisho mtajua kwa namna gani.

Habari za vyeo na zawadi sitaziandika. Ziko kwenye simu zenu, someni huko. Nitaandika juu ya woga, kwa sababu huo ndio nilioufanyia kazi hasa. Watu wanasema nilicheza skwoshi miaka ishirini. Ukweli ni kwamba niliogopa miaka ishirini nikiwa na raketi mkononi, na raketi ilisaidia watu wasione mkono unavyotetemeka.

Siku ya kwanza sikwenda kucheza, nilitumwa kupeleka samaki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amebaki Mahagi-Port, kando ya ziwa, na mitumbwi yake, na Mama alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni huku Mbunya, mtaa wa Bunia. Mmoja wa wanunuzi wake alikuwa Zabuloni, mlinzi wa kiwanja, ambaye mji mzima ulimwita Kapita kwa sababu zamani aliwasimamia wafanyakazi wa bustani kwa wazungu wa machimbo ya dhahabu. Wazungu wale waliondoka, bustani ikawa pori, ukabaki ule mjengo mrefu wa saruji usio na madirisha. Mimi nilidhani ni gereza.

Mnajua mlango wetu ulivyo. Ni mfupi, na ukifungwa kwa ndani unalingana na ukuta, huoni kitasa wala bawaba. Nilipochungulia nikaona kuta nne nyeupe na mtu mwembamba amesimama katikati na ufagio.

"Kuya ndani," akasema. "Funga mulango, vumbi inaingia."

"Samaki nitaweka wapi, Kapita?"

"Weka inje. Samaki inacheza hapana."

Nikafunga. Akatoa mpira mdogo mweusi kwapani, akaupiga ukutani mara moja, na mlio wake ukajaa chumba chote. Mimi nilikuwa tayari nimelala chini, mikono juu ya kichwa. Watoto wa Bunia wa rika langu walijua kulala chini risasi zikilia kabla ya kujua kusoma. Kapita hakucheka, wala hakusema pole. Alifagia kunizunguka, kama mtu anayezunguka kiti, mpaka nikaona aibu nikainuka.

"Unaogopa nini?" akauliza. "Ukuta iko mbele, mupira iko katikati, weye uko nyuma. Kila kitu iko pahali yake."

Akaniwekea raketi mkononi. Samaki nje waliliwa na paka, na jioni Mama alinichapa. Kesho yake nikarudi. Msiniulize kwa nini, hata leo sijui. Labda ni kwamba mle ndani nilijua kitu kinachotoa mlio kiko wapi, na barabarani sikujua.

Vifaa vyetu nitavitaja, maana nyinyi mnacheza na vya dukani na mnalalamika. Mpira tulikuwa nao mmoja. Ukipasuka, Kapita anauziba kwa gundi ya matairi ya baiskeli, na tunangoja siku mbili. Mpira wa skwoshi ukiwa baridi haurukiruki, unakaa chini kama ugali wa jana, ndiyo maana alikuwa akiuweka kwapani chini ya sweta wakati anafagia. Nyuzi za raketi zilikuwa nailoni ya nyavu. Baba alikuwa akizituma kutoka Mahagi-Port kwa mtu yeyote anayepanda Bunia, na Kapita alizisuka kwa sindano ya mshona viatu, meno yamekamata ncha moja. Mpini ulizungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Sakafu aliifagia kwa unga wa mbao uliolowa maji kidogo, kuanzia ukuta wa mbele kurudi nyuma. Ole wako ukanyage kabla hajafika mlangoni.

Kufundisha kwake hakukuwa na sifa hata moja. Ukipiga vizuri, alinyamaza. Ukipiga vibaya, alikuuliza kama mama yako anajua uko hapa. Na hakuniachia mchezo hata siku moja, hata nilipougua malaria nikaja hivyo hivyo. "Zawadi iko Noeli," alikuwa akisema. Mimi aliniita Mutoto ya Ziwa, na alisema watu wa ziwa tunakimbia vizuri kwa sababu tuna madeni kila mwambao. Nilimpenda sana. Naandika hivyo wazi sasa, kabla ya kusema yanayofuata.

Taa za wazungu zilikuwa sita, na zilikufa moja moja. Katika miaka yangu zilibaki mbili, tena zinapopata umeme. Mwanga mwingine ulipenya kwenye mabati mawili yaliyochakaa huko juu. Kwa sababu ya giza hilo Kapita alitunga desturi ambayo sijaikuta mahali pengine popote duniani. Mnajua mpira unaweza kukupita, ukagonga ukuta wa pembeni, kisha wa nyuma, ukatokea upande wako mwingine. Ukiufuata unageuka kabisa, unampa mwenzako kisogo, na kwa nukta hiyo humuoni. Ukipiga kuelekea mbele, unaweza kumpiga yeye. Kwa hiyo aliye mbele alipaswa kuita, "Niko!" Anayegeuka akisikia, anasimama, na pointi inarudiwa. Si kesi, si aibu. Kapita aliniambia siku ya kwanza ya kunifundisha jambo hilo kwamba mtu anayepiga baada ya kusikia niko, huyo si mchezaji. Hakuniambia ni nani basi. Nilikuja kujua peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba alipokuja mgeni mmoja, mzungu, mfanyakazi wa shirika la msaada, mrefu, mwenye Kifaransa kizuri na Kiswahili cha salamu tu. Alikuwa akicheza na Kapita kila Jumamosi. Aliniona, akasema anamjua kocha Kampala anayelea wasichana, na nafasi ni moja. Lakini lazima ajue kama ninaweza. Nishinde mchezo mmoja tu dhidi ya Kapita, naye ataandika barua siku hiyo hiyo. Nilikuwa sijawahi kumshinda Kapita. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mama, naye akaacha kufunga samaki akaniangalia. Mwaka ule, kwa sababu ya vita, kulala Bunia na kuamka kulikuwa bahati, na kila mama alikuwa akitafuta mlango wa kumtolea mtoto wake.

Jumamosi ile mchana tulikuwa watu watatu tu. Mgeni alikaa juu, kwenye ile roshani ya nyuma. Kapita alicheza kama kawaida yake, bila huruma. Mchezo unaisha kwa pointi kumi na moja, na sijui nilifikaje, lakini nilifika kumi, yeye akiwa na tisa. Pointi moja. Miguu yangu ilikuwa imekwisha, pumzi imekwisha, na niliogopa. Niliogopa kubaki. Niliogopa kuona uso wa Mama nikirudi kumwambia hapana. Kapita akapiga mpira ukanipita, ukagonga pembeni, ukagonga nyuma, mimi nikageuka nao.

"Niko!" akaita.

Nilisikia. Sikusikia nusu, sikusikia kwa mbali. Nilisikia kama mnavyosikia jina lenu likiitwa darasani. Nikawaza kwamba nikisimama pointi itarudiwa, na sina miguu ya kuirudia. Nikawaza mpira utapita kando yake. Nikapiga kwa nguvu zote nilizobaki nazo.

Kapita alikuwa amegeuza uso kunitazama, kwa sababu alikwisha kusema niko na alijua nitasimama. Mpira ulimpata jicho la kushoto. Alipiga magoti, kisha akakaa, mikono usoni, bila kulia. Mgeni akashuka mbio. Akanishika mabega, akaniuliza kwa Kifaransa kama Kapita alisema kitu, ile "niko" yetu. Yeye kule juu alikuwa amesikia sauti tu, hakutambua neno.

"Non," nikasema. "Alinyamaza."

Hilo ndilo neno nililolibeba miaka yote. Watu walidhani nilikuwa nikibeba raketi.

Na sheria inasema hivi, nilikuja kuisoma Kampala. Anayegeuka akimpiga mwenzake kwa mpira, pointi ni ya mwenzake. Kwa hiyo sikuwa nimeshinda kitu. Tulikuwa kumi kwa kumi.

Madaktari walijaribu siku nane, kisha wakalitoa jicho. Nilikwenda hospitali mara moja tu, na machungwa ndani ya mfuko. Alikuwa amelala, bandeji imefunika uso wote, hata jicho zima.

"Ni nani?" akauliza, akigeuza kichwa upande wangu.

Ningesema ni mimi. Nilisimama pale mlangoni, nikaogopa kwamba nikifungua mdomo litatoka na lile neno jingine, la kweli. Nikaweka machungwa chini polepole, nikaondoka kwa ncha za vidole vya miguu. Machungwa mawili yaliviringika nyuma yangu, nikayasikia mpaka koridoni.

Komite ya kiwanja ilikutana. Walisikitika sana, wakasema ajali kama hiyo isirudie, na kwamba hata fundi mkubwa akisahau desturi hulipa. Wakaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: KAPITA ALINYAMAZA, JICHO LIKATOKA. SEMA NIKO. Hayo ndiyo maneno mliyokua nayo. Mgeni aliandika barua yake, akiona mimi sina kosa na akinihesabia ushindi, na mwezi haujaisha nilikuwa nimepita Mahagi na mpaka, mfuko mgongoni. Baba alipanda kutoka ziwani kuniaga, akanipa bunda zima la nyuzi za nailoni.

Kampala kulikuwa na viwanja vyenye mwanga kila kona, na hakuna aliyeita niko. Kila nilipogeuka nilikutana na ukimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Nilisimama. Mpira ukanizunguka, nikasimama, raketi hewani. Kocha wetu, mama mnene aliyekuwa na macho ya kuona kila kitu, aliniuliza ninasikiliza nini. Nikamwambia ninajifunza sheria. Akasema sheria zinasomwa kitandani, uwanjani watu wanapiga.

Basi nikatafuta namna ya kuishi. Kama siwezi kugeuka, mpira usifike nyuma. Nikaanza kusimama hatua mbili mbele ya pale wengine wanaposimama, na kuukamata mpira hewani kabla haujanipita. Bega liliuma mwaka mzima. Kwa faida yenu, kwa kuwa hiki kitawasaidia: inua raketi kabla mwenzako hajapiga, usingoje kuona, na piga mbele ya mwili wako, si kando. Watu wa magazeti waliuita ujasiri. Waliandika kwamba msichana wa Bunia hajui kurudi nyuma. Nilikata kipande kile nikakiweka ndani ya kiatu, nikakikanyaga mpaka kikaisha.

Na miwani ya kukinga macho. Nilivaa tangu siku ya kwanza, na sikucheza mazoezi na mtu asiyevaa. Nilibeba ya ziada ndani ya mfuko, nikamvalisha mwenzangu kwa lazima, hata kama ni bingwa mwenye kiburi. Walisema nina roho nzuri. Kila sifa niliyopewa katika kazi hii, mkiichunguza chini yake mtakuta jicho la Kapita.

Nilipita Nairobi, nikapita miji mingine ambayo majina yake hayana kazi hapa, mpaka siku ile ya Cairo, fainali iliyonipa ubingwa wa Afrika. Mpinzani wangu alikuwa binti wa pale pale, na ukumbi wote ulikuwa shangazi zake. Alikuwa na akili. Kufikia mchezo wa pili alikwisha kuona ninachokiogopa, akaanza kuuzungusha mpira nyuma yangu makusudi. Mimi ninageuka, ninasimama, ninainua mkono, ninaomba pointi irudiwe. Mwamuzi alinikubalia mara mbili tatu, kisha akachoka. Akanikatalia. Akanikatalia tena. Pointi zikaenda, na mimi nikatazama ukuta wa kioo, nikaona uso wangu mwenyewe juu ya nyuso za watu, nikasema leo wataniona.

Nikasogea mbele hatua nyingine ya tatu, mahali pa wazimu kabisa, nikakamata kila kitu hewani mpaka mkono ukawa si wangu. Tulifika mchezo wa tano, kumi kwa tisa, mimi nikiongoza. Hesabu ile ile. Na mpira ukanipita. Ukagonga pembeni, ukagonga nyuma, nikageuka nao, na ukuta wote wa mbele ulikuwa wazi mbele ya raketi yangu, au nilidhani uko wazi. Nikasimama. Nikainua mkono. Mwamuzi akasema hapana, pointi kwa mpinzani.

Ndipo yule binti akageuka kwa mwamuzi, akasema, "Mimi nilikuwa njiani. Angenipiga."

Hakuna aliyemuuliza. Ukumbi wake wote ulimpigia kelele anyamaze. Mwamuzi akabadili uamuzi, pointi ikarudiwa, nikaishinda. Picha zote zinanionyesha nimepiga magoti ninalia, na chini yake wameandika furaha. Nilikuwa ninalia kwa sababu mtu alikuwa amefanya mbele yangu, kwa maneno machache, kitu nilichoshindwa kukifanya nikiwa na umri kama wake.

Kesho yake asubuhi redio moja ya Bunia ikamwalika Kapita studioni, mwalimu wa bingwa. Mama akaweka simu karibu na redio ili nisikie. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha hoteli, nimeshika simu kwa mikono miwili. Mtangazaji akauliza, "Kapita, huyu mutoto ulimufundisha nini zaidi?"

Nikasikia Kapita anakohoa.

"Kusikia," akasema. "Ule mutoto anasikia muzuri sana. Hakuna kitu inapita masikio yake."

Mtangazaji akacheka, akasema bingwa ana masikio ya swala. Mimi simu ikaniponyoka. Tangu hapo nilijua kwamba Kapita anajua kuwa nilisikia, na nilijua anaweza kulisema siku yoyote. Miaka kumi na mmoja iliyofuata nililala nikingoja siku hiyo.

Nilirudi Bunia karibu kila Noeli. Nyinyi wakubwa kidogo mnakumbuka, nilileta miwani, mipira, viatu. Kapita alipokea, akahesabu, akasema aksanti. Hakucheza tena mechi, lakini aliwapigia mipira ya kujifunzia, kichwa amekiinamisha kushoto. Kila mtoto mpya alisimama mlangoni, akasoma yale maneno kwa sauti, kisha akamtazama Kapita usoni. Nilikuwepo. Niliona. Mwaka mmoja nilikwenda mapema na msumari kuyakwangua, nikafanikiwa herufi moja, nikasikia hatua za watu nikakimbia hadi barabarani. Bingwa wa Afrika, mbio, na msumari. Ile K ya kwanza iliyokuwa imechubuka ni mimi, msiwalaumu watoto.

Mwaka huu magoti yamekataa, nikaacha. Wiki ile ile ya barua yenu Mama akanipigia.

"Kapita jicho yake ingine iko nafunga," akasema. "Docta anasema ni presha ya jicho. Sasa anatembea akishika ukuta. Yeye naye, kila asubuhi anafungua kiwanja tu."

Nikaona mambo mawili kwa pamoja. Kwamba nyinyi mnataka kuweka jina langu juu ya uongo wangu, na kwamba yule mtu hivi karibuni hataweza kusoma chochote mlangoni, si uongo wala ukweli. Nikapanda ndege nikiwa mgonjwa wa woga, natapika kweli kweli, mhudumu akadhani ni mimba.

Nilifika Jumatatu mchana, nyinyi mko shuleni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa akifagia kwa unga wa mbao, mkono mmoja ukutani.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni miye, Kapita. Mutoto ya Ziwa."

"Funga mulango. Vumbi inaingia."

Nikafunga. Kuta nne nyeupe, na hakuna kitasa. Nikasema haraka kabla miguu haijanitoa nje.

"Kapita, siku ile ulisema niko."

Akaendelea kufagia.

"Nilisikia. Nilisikia muzuri, nikapiga. Kisha nikamwambia ule mugeni kama ulinyamaza."

"Mi najua," akasema. "Na ile pointi ilikuwa yangu. Kumi kwa kumi."

"Mbona haukusema?"

Akasimamisha ufagio. "Kusema kwa nani? Ule muzungu aliuliza weye, aliniuliza miye hapana. Komite banasema nini? Banasema Kapita iko na wivu, mutoto anaenda Kampala, yeye anabaki. Na kisha niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Jicho ilikuwa imekwisha kwenda. Na weye tena upotee? Nani anabaki?" Akafagia mara mbili, kisha sauti yake ikapanda, na katika miaka yote sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Lakini usiwaze nilikusamehe! Kila asubuhi minafungua ule mulango. Watoto banasoma, kisha bananiangalia. Minangoja weye. Noeli hii, minangoja. Noeli ingine, minangoja. Unaleta lunettes ya macho. Unaleta mipira. Neno unaleta hapana!"

Nililia, nikaomba radhi kwa magoti, hapo hapo juu ya unga wa mbao aliokuwa hajamaliza kuufagia. Hakuniinua. Alipoona sinyamazi akanizunguka na ufagio.

"Rangi iko mu depo," akasema. "Brosi pia."

Kwa hiyo nawaambia, wadogo zangu. Mnaposoma haya mtakuwa mmekwisha kuuona mlango. Naogopa mtakavyonitazama nitakapokuja tena. Mkitaka, ondoeni ile picha yangu iliyo ofisini, sitauliza. Lakini maneno ya mlangoni msiyafute.

Niliyakwangua ya zamani yote, safari hii bila kukimbia. Kisha nikaandika mapya, na Kapita amesimama nyuma yangu, ufagio mkononi, akisikiliza brosi inavyokwenda. KAPITA ALISEMA NIKO. Hayo niliyaandika makubwa. ANYESI UYERGIU ALISIKIA, AKAPIGA. Hapo, kwenye jina langu, brosi ilikwenda polepole.

Nilipomaliza, Kapita akasogea, akaleta jicho lake karibu kabisa na mbao mpaka nikaogopa rangi itamshika pua. Akasoma mstari wa kwanza polepole, midomo inacheza. Akausoma tena. Akashuka wa pili, akakaa hapo muda mrefu.

"Jina yako umeandika kidogo," akasema.

"Inaonekana, Kapita."

"Mi naona hapana. Andika kubwa."

Nikachovya brosi tena.